Nyuso za Tanzia katika Jua la Changamwe

Michezo ninayoipamba mimi huchezwa saa nne asubuhi. Jukwaa ni upande mmoja wa bwalo la shule, pale Changamwe au Mikindani, Kisauni au Likoni. Meza za kulia zimesukumwa ukutani, benchi zimepangwa, mabati yameshaanza kutoa joto, na madirisha yamefunguliwa yote kwa sababu bila upepo wanafunzi hawatulii. Taa hakuna. Zile tyubu mbili tatu za juu, hata zikiwashwa, hazifui dafu mbele ya jua la pwani. Mfalme anakufa mchana kweupe, na aliyeketi benchi ya kwanza yuko karibu naye kiasi cha kumgusa mguu.

Hivi ndivyo tanzia inavyoonekana huku bara ya Mombasa. Vikundi vya waigizaji huzunguka shule kwa shule vikicheza vitabu vya kutahiniwa, na katikati ya kazi hiyo ya kujipatia riziki huingiza michezo mikubwa ambayo mwalimu fulani ameililia: Mfalme Edipode, Makbeth, Juliasi Kaizari, Kinjeketile. Mimi nilianza kwa kupamba mabibi harusi, na bado napamba. Jukwaani niliingia kwa sababu vikundi havikuwa na mtu wa nyuso, na nilipoingia nikatafuta vitabu na mafunzo ya kazi hii. Yote niliyoyapata yalifundisha namna ya kuupaka uso kwa ajili ya taa. Tia kivuli chini ya mfupa wa shavu, chora mikunjo ya uzee kwa kahawia, fifisha kwa poda. Ukiyafanya hayo bwaloni saa nne, mzee uliyemchora ni kijana mwenye mistari usoni, na darasa zima linaona mistari.

Nimefikia kuamini kwamba mafunzo yale yalianzia historia katikati. Yalianzia siku taa ilipoingia jumbani, nazo tanzia zenyewe ni za zamani kuliko taa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mtu wa bwalo la Changamwe akitaka walimu, awatafute nyuma ya taa: Athens, London ya Shakespeare kabla ya gesi, na kwetu hapa, katika ngoma na arusi.

Lakini tuanze na hiyo taa, maana ndiyo iliyotufikia kwanza.

Jumba la Drury Lane mjini London liliwasha gesi mwaka 1817. Mwaka 1837 Covent Garden wakajaribu mwanga wa chokaa: kipande cha chokaa kinachomwa kwa mwali wa haidrojeni na oksijeni mpaka kinang'aa cheupe bila kuyeyuka. Sisi watu wa pwani chokaa twaijua. Mawe ya matumbawe tumeyachoma na kujengea nyumba na misikiti kwa karne nyingi, na huku kwetu Bamburi kiwanda kinayasaga kuwa saruji tangu 1954. Kuifanya taa hatukuwahi. Mwaka 1881 jumba la Savoy likaingiza umeme. Katika miaka hiyo sitini na kitu, uso wa mwigizaji ulibadilishwa kabisa, na aliyeubadilisha ni fundi wa taa, si mpambaji.

Sababu ni nyepesi kueleza. Taa zilizopangwa sakafuni ukingoni mwa jukwaa humulika uso kutoka chini. Zinafuta vivuli vyote ambavyo jua hutupa: vya chini ya nyusi, vya pembeni mwa pua, vya chini ya mdomo. Uso unabaki bapa, hauna umri wala hasira. Basi mpambaji akapewa kazi ya kuvirudisha kwa brashi vivuli vilivyoibwa. Poda kavu haikutosha, ilikuwa inatiririka na jasho. Katika nchi ya Ujerumani mwigizaji mmoja wa Leipzig, Carl Baudin, akachanganya rangi na mafuta ya nguruwe ili kuficha mstari ambapo wigi inakutana na paji la uso. Mwimbaji wa opera Ludwig Leichner akaifanya biashara. Mwaka 1873 alifungua kampuni Berlin akauza vijiti vya rangi ya mafuta vyenye nambari. Nambari 5 ilikuwa rangi ya pembe za ndovu, nambari 9 wekundu wa tofali. Ukichanganya 5 na 9 ulipata uso wa mwigizaji wa Kiingereza, na vizazi kadhaa vya waigizaji viliupaka uso huo huo, kila usiku.

Sanduku hilo ndilo lililokuja Kenya. Lilikuja na vilabu vya Wazungu waliopenda kuigiza, kama Little Theatre Club pale kisiwani kwetu. Kenya National Theatre ilifunguliwa Nairobi Novemba 1952, majuma machache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya watazamaji walewale. Tamasha la drama la shule lilianza 1959, na mwanzoni lilikuwa la michezo ya Kiingereza kwa kanuni za Kiingereza. Mtoto wa Kiafrika aliyepanda jukwaani enzi hizo alikuta nyuma ya pazia vijiti vyenye nambari, na hakuna nambari hata moja iliyofanana na mkono wake isipokuwa ile iliyowekwa kwa ajili ya kumgeuza Mzungu kuwa Mmoro.

Hapa nisipite haraka.

Kwa zaidi ya miaka mia tatu, weusi katika tanzia za Ulaya ulikuwa rangi inayopakwa na kuoshwa. Mwaka 1605 malkia Anne na mabibi wa jumba la kifalme walijipaka nyeusi kucheza tamasha mbele ya mfalme wa Uingereza. Othello, jemadari Mmoro wa Shakespeare, alichezwa kwa masizi na kizibo kilichochomwa. Na hili halikuishia zamani za kale: mwigizaji Laurence Olivier, mwaka 1964, katika National Theatre ya London, alijipaka nyeusi mwili mzima, tabaka juu ya tabaka, kisha akasuguliwa kwa kitambaa laini ili ngozi ing'ae. Mchezo ule ulitiwa kwenye filamu 1965. Nimeitazama filamu hiyo kama mtu wa kazi, na nasema bila kusita: ufundi ni mkubwa, na matokeo yananiuma. Saa nyingi zile za rangi zilitumika kutengeneza kitu ambacho kijana yeyote wa Magongo anatembea nacho barabarani bure, na katika kukitengeneza kikawa kichekesho cha macho meupe na midomo myekundu.

Kuna mtu mmoja katika historia hii ambaye nafikiri kila mpambaji Mwafrika anapaswa kumjua. Ira Aldridge alizaliwa New York mwaka 1807, Mwamerika mweusi, akahamia Uingereza kijana kwa sababu kwao hakukuwa na jukwaa la kumpokea. Mwaka 1833 alicheza Othello Covent Garden, magazeti ya London yakamshambulia kwa sababu ya ngozi yake. Akazunguka Ulaya mpaka Urusi. Huko aliwacheza pia Lear, Makbeth na Shailoki, akijipaka weupe usoni na kuvaa wigi na ndevu. Alikufa mwaka 1867 akiwa safarini, katika mji wa Łódź, Poland. Mwaka uleule wa 1867, kule Unguja, mmishenari Edward Steere alikuwa amechapa kijitabu Hadithi za Kiingereza, ambamo kisa cha Lear kilitokea kwa Kiswahili, miongoni mwa visa vinne vya Shakespeare. Hawakujuana, lakini napenda kuwaweka pamoja. Mmoja alikuwa akimpa Lear sura mbele ya Warusi, mwingine akimpa lugha yetu.

Kwa hiyo nikiombwa Othello, simpaki mtu nyeusi, na Desdemona, mkewe Othello, simpaki nyeupe. Katika bwalo la Kisauni kuna mtoto wa Kigiriama, mtoto wa Kiarabu, Mbajuni, Mluo aliyezaliwa Bombolulu, na kila mmoja ameshasikia nyumbani au njiani maneno kuhusu rangi ya mwenzake. Nikitia poda nyeupe juu ya jambo hilo nitakuwa nimelificha. Othello wangu anajulikana kwa ugeni wa mavazi yake na kwa jinsi wanavyomsimamia mbali. Uso wake nauacha safi.

Ngozi ilichelewa kupata haki yake hata dukani. Fashion Fair ya Chicago, mojawapo ya majina makubwa ya kwanza ya vipodozi kwa ngozi nyeusi, ilianza 1973, miaka mia kamili baada ya Leichner. Kanuni ya kazi pia ilichelewa. Vitabu nilivyovipata vinasema uzee huchorwa kwa vivuli. Juu ya ngozi ya kahawia iliyokoza kivuli kinazama, hakionekani. Uzee kwetu unachorwa kwa mwanga: unapaka rangi nyepesi kidogo kuliko ngozi juu ya matuta ya mikunjo, kwenye mfupa wa shavu, juu ya mshipa wa shingo, na bonde linajitokeza lenyewe. Hili nililijua kwa mabibi harusi kabla ya kulijua kwa wafalme.

Sasa nyuma ya taa.

Ukumbi wa Dionisi mjini Athens ulikuwa wazi, kwenye mteremko wa kusini wa Akropoli, na tanzia zilichezwa mchana, kuanzia asubuhi. Maelfu ya watu, na wengi wao wako mbali sana. Inasimuliwa kwamba Thespis, ambaye hutajwa kuwa mshindi wa kwanza wa shindano la tanzia yapata 534 KK, alianza kwa kujipaka rangi nyeupe ya risasi usoni, kisha akahamia kwenye vinyago vya kitambaa. Vinyago hivyo vilitengenezwa kwa kitani kilichogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi: wanaume nyuso zilizoiva jua, wanawake nyuso nyeupe. Waigizaji wakawa watatu tu, wakigawana nafasi zote. Mtu anaingia ndani mfalme, anatoka mjumbe, na aliye juu kabisa mlimani anamtambua kwa sura iliyopigwa kwa mistari michache mikubwa. Hakuna kivuli cha brashi hapo. Jua lenyewe ndilo linalotia kivuli, na kinyago kimechongwa ili kulipokea.

London nayo. Jumba la Globe lilijengwa 1599, halina paa katikati. Thomas Platter, msafiri wa Uswisi, aliandika kuwa mnamo 21 Septemba mwaka huohuo aliutazama mchezo wa Julius Caesar, inaaminika ni huko, baada ya chakula cha mchana, kama saa nane. Saa nane! Ndiyo saa vikundi vyetu vinapomaliza shule ya pili ya siku. Watu walisimama wakizunguka jukwaa pande tatu, viwiko vikiwa juu ya mbao. Mganga na mtabiri Simon Forman aliuona Makbeth pale Globe mwaka 1611, na katika yale aliyoyaandika alikumbuka mikono: jinsi damu ilivyokataa kutoka. Mtu aliyetazama mchezo wenye wachawi, mzimu na vita alirudi nyumbani na mikono miwili myekundu. Mpambaji yeyote akisoma hivyo anajua palikuwa na mtu nyuma aliyeifanya kazi yake.

Wavulana ndio waliocheza wanawake, na weupe wa nyuso zao ulikuwa wa risasi iliyochanganywa na siki. Ni sumu ile. Inakula ngozi na kuingia mwilini. Tusijione tumepona, maana wanja wa jiwe unaouzwa huku na huku bila jina la mtengenezaji mara nyingi umesagwa kutokana na jiwe lenye risasi vilevile. Kwenye macho ya mwanafunzi siuweki. Natumia masizi: utambi unawaka ndani ya mafuta ya mbarika, sahani imefunikwa juu kidogo, masizi yanakusanywa na kukandwa kwa samli kidogo. Ni wanja wa bibi zetu, mweusi kuliko penseli yoyote, na haugeuki kijivu juani.

Na hapo nimeshafika kwetu.

Watu husema pwani haikuwa na mekapu ya jukwaani kabla ya Wazungu. Jukwaa lenye pazia hapana, lakini uso uliotengenezwa ili watu wengi wausome mchana, tulikuwa nao. Katika ngoma za pepo za Wadigo, na za Wamijikenda wengine, mganga ana nguo tatu: kaniki nyeusi, bafuta nyeupe, bendera nyekundu. Ukisimama mbali uwanjani, kabla hujasikia ngoma inapiga nini, rangi zimekuambia ni jambo gani. Sichukui vitu vya uganga na kuvitia mchezoni. Ni vya wenyewe na vina kazi yake. Ninachochukua ni hesabu yake, kwamba jua la pwani linaacha rangi tatu zisomeke toka mbali na kuzila nyingine zote. Rangi ya waridi haifiki benchi ya nne. Kijani kinageuka uchafu.

Upande wa arusi ndiko nilikosomea mkono. Liwa, ule mti wa kunukia, inasagwa juu ya jiwe kwa maji ya mawaridi mpaka iwe uji mzito, inapakwa usoni, inakauka, inavuta mafuta na kupoza ngozi. Dalia ya manjano. Hina na piko kwa mikono na miguu. Bibi mmoja wa Likoni, kungwi aliyepamba mabinti wa Mtongwe wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, ndiye aliyenifunza. Siku moja nilimwita aje aone bibi harusi niliyemmaliza chumbani, chini ya balbu. Hakumtazama hata kidogo.

"Mtoe nje kwanza, mwanangu, nimuone," akasema. "Humu ndani wote ni wazuri."

"Naam, bibi."

Tukamtoa uani. Bibi akaninyooshea kidole kwenye shingo, palipokuwa na rangi tofauti na uso, akarudi zake ndani kunywa chai.

Sasa kila niendapo shule, kazi yangu ya kwanza ni kumuuliza mwalimu jua la asubuhi linaingia upande gani wa bwalo. Nawapaka waigizaji nje, chini ya mti au kwenye baraza, wakitazama upande uleule watakaoutazama wakicheza. Mchezo ukichukua saa mbili, mwanga utakuwa umehama, kwa hiyo shavu la kushoto la mtu anayekufa mwisho silipaki sawa na la kulia.

Nitaeleza uso mmoja kwa urefu, wa Edipode. Sofokli aliuandika mchezo huu katika karne ya tano KK; Samuel Mushi wa Tanzania akautafsiri kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, ukachapwa 1971. Mfalme anamtafuta muuaji aliyeleta balaa mjini, anagundua ndiye yeye, kwamba amemuua babake na kumuoa mamake, na anajitoboa macho kwa pini za nguo ya mkewe. Tatizo la mpambaji ni moja: mtu anaingia ndani na macho, anatoka hana.

Kijana aliyecheza mara ya mwisho ni wa Mtongwe, mwembamba, ana macho makubwa. Nilimsafisha uso kwa maji ya mawaridi, nikaacha ukauke kabisa. Fandesheni sikumpaka, maana kwa joto lile ingeyeyuka kabla ya tendo la pili. Nilimpaka liwa nyepesi sana kwenye paji, pua na kidevu tu, nikaifuta, ikabaki ile ya kunyonya jasho. Kisha macho. Wanja ndani na nje, mzito, nikauvuta mpaka karibu na sikio, nikaweka mwanga mdogo juu ya kope.

"Mama, mbona wanipaka macho kama bibi harusi?"

"Ili watu wayapende kabla hujayatoboa."

Akacheka, kisha akanyamaza, na nilihisi amefahamu jambo kuhusu mchezo ambalo mazoezi hayakumpa. Kwa saa nzima ya kwanza kila mtu bwaloni aliyatazama macho yale tu.

Halafu Edipode anakimbilia ndani, na mjumbe anatoka kueleza yaliyotokea: malkia amejinyonga, mfalme amezivuta zile pini. Ni maneno marefu. Wasomaji huona Sofokli anatuepusha na kitendo chenyewe tusikione. Mimi naona pia kwamba anampa mtu wangu muda. Mwigizaji wa Athens, mjumbe akisema, alikuwa nyuma akibadilisha kinyago, akivaa kile chenye damu. Mchezo wenyewe umebeba ndani yake dakika za mpambaji, na dakika hizo bado zipo, nyuma ya leso mbili zilizotundikwa kwenye kamba huko Changamwe.

Nazitumia hivi. Pamba yenye mafuta ya nazi inapita juu ya kope zilizofungwa, na wanja wote ule uliovutwa kwa uangalifu unavurugika na kuteremka. Hapo hapo, kwa kidole, napaka wekundu uliochanganywa na masizi kutoka nyusi hadi nusu ya shavu. Wekundu mtupu katika mwanga wa mchana unaonekana rangi ya mdomo. Lazima uchafuliwe na weusi ndipo uwe jeraha. Sitii matone. Damu inayodondoka mbele ya benchi ya kwanza inawafanya watoto watazame sakafu. Mwisho nagusa mwanga kuzunguka pale penye giza, kwenye ukingo wa tundu la jicho, ili walioko mlangoni waone mashimo mawili. Kijana anatoka amefumba macho, mikono mbele, na wasichana wawili wanaocheza binti zake wanamwendea.

Makbeth ni kazi ya mikono. Mushi huyohuyo alimtafsiri, 1968. Damu yetu tunaipika: sukari na maji mpaka iwe shira nzito, rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha kakao iive, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ndiyo siri. Lady Makbeth anatuambia baadaye kwamba haitoki, anasugua na kusugua akiwa usingizini, na wakati huo mikono yake lazima iwe safi kabisa, asionekane na hata alama ukuchani. Nyuma ya leso nina ndoo moja na kata, na muda mchache. Damu isiyo na sabuni imewahi kuniharibia mashuka meupe ya maseneta wa Roma, maana Kaizari naye, aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere 1963 na kurekebishwa 1969, anakufa mbele ya macho yetu na wauaji wanachovya mikono. Bafuta haisamehe.

Mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, wa 1969, una mtihani wake. Masimulizi ya vita vya Maji Maji yanasema Kinjeketile alizama mtoni akakaa, akatoka siku ya pili mkavu. Mkavu, Mombasa, mwezi wa tatu, ndani ya bwalo la mabati! Hapo liwa ndiyo mwokozi, na kumpumzisha mwigizaji mbele ya feni ya ofisi ya mwalimu mkuu mpaka dakika ya kuingia.

Kwa muda sasa kikundi kimoja cha Kisauni kimekuwa kikitengeneza mchezo juu ya Fumo Liyongo, na ndio unaonishughulisha kuliko yote. Tunasoma Sofokli, vizuri, lakini tanzia kubwa ya pwani hii ni ya Liyongo. Utenzi wake ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kisa chenyewe ni cha zamani zaidi ya hapo sana. Mwangwi wake umo hata katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia. Liyongo hafi kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe, aliyehongwa na mfalme wa Pate, ndiye anayemchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na anafia hapo hapo. Haanguki. Mji mzima unamwona amepiga goti na mshale uko tayari, hakuna anayethubutu kuteka maji. Wanamleta mamake ambembeleze.

Uso huu hauna mfano katika vitabu vyangu. Ni maiti ambayo lazima wenye mji waione hai, na watazamaji wajue imekufa. Kwa taa lingekuwa jambo la fundi wa umeme: mmulike samawati, kwisha. Bwaloni hakuna wa kumwachia.

Tulichokubaliana ni hiki. Wakati wanakijiji wanaimba na kumziba, nampaka liwa kavu uso, mabega na kifua, nzito kuliko ya mwingine yeyote, isiyong'aa hata kidogo, kwa sababu maiti haitoi jasho na mwigizaji atakaa juani dakika nyingi. Anafumba macho. Juu ya kope zilizofumbwa nachora macho yaliyofunguka, weupe wa chokaa na mboni ya masizi. Anayekaa nyuma anaona shujaa amekodoa macho, hapepesi, na anamwogopa pamoja na wanakijiji. Aliye benchi ya kwanza anaona kope zimefungwa na rangi juu yake. Wa mbele wanajua kabla ya mji kujua, wanajua hata kabla ya mamake, na wanalazimika kumsikiliza akimbembeleza.

Tulipojaribu, shida ilikuwa kisima. Walikiweka katikati, mbele ya dirisha, mwanga ukampiga Liyongo mgongoni na uso ukawa giza kwa wote. Nimewaomba wakihamishie kushoto, apige goti akitazama madirisha ya mashariki, na zamu ya kwanza ichezwe Likoni saa tatu na nusu, kabla jua halijapanda juu ya mabati. Mwalimu anasema saa tatu na nusu ni hesabu, tuzungumze na mwenzake abadilishane kipindi.